Kamba Iliyorudi Gulwe

Mwaka huu ofisi yetu iliombwa kupitia rasimu ya kanuni za mabasi ya mjini, na mimi, kwa kuwa ndiye mkongwe na mwandiko wangu unasomeka, nikapewa kazi ya kuandika muhtasari. Tulikaa siku mbili katika chumba chenye feni moja iliyokuwa ikilalamika kuliko wajumbe. Tulijadili kuku, magunia ya mkaa, redio zinazopigwa kwa sauti ya juu, na wahubiri wanaosimama katikati ya basi. Kwenye ukurasa wa tisa tukakuta pendekezo lililoletwa na msichana mmoja wa chuo: abiria aruhusiwe kupanda basi na mbwa wake, mradi mbwa huyo amefungwa kamba, amefungwa mdomo na ana cheti cha chanjo.

Chumba kizima kilicheka. Mmoja akasema kesho watatuletea fisi, maana Dodoma hatuna uhaba. Mwenzetu mwingine, mtu mstaarabu ambaye sijawahi kumsikia akidhihaki mtu, alisema kwa upole kwamba mate ya mbwa ni najisi katika dini yake, na anayekwenda kuswali Ijumaa hawezi kubanwa na mbwa kwenye kiti. Wa tatu alitukumbusha kichaa cha mbwa. Hoja zote zilikuwa na maana. Kisha mwenyekiti akamaliza kwa kusema mbwa ana miguu minne, atembee, na kicheko kikaanza upya.

Nami nilicheka. Ndiyo sababu naandika haya, kwa sababu katika chumba kile mimi ndiye niliyekuwa sina haki ya kucheka.

Baba yangu ni mtu wa Gulwe, kule Mpwapwa. Nyumba yetu iko karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe hugongana kabatini. Ujanani aliwahi kuwa kibarua wa reli, mpaka akapata ng'ombe wake wa kwanza, na baada ya hapo hakutaka tena kuamriwa na mtu. Mama alipofariki alibaki peke yake na mbuzi wachache, shamba la uwele, na mbwa. Mbwa wenyewe walikuwa wakija na kuondoka, lakini huyu wa mwisho alikaa.

Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika, mbavu zikihesabika hata akishiba. Hakuwa na jina. Jirani zetu huwapa mbwa majina ya mafumbo, ili wakimwita mbwa jioni anayesutwa asikie kule aliko, na baba alisema hana ugomvi na mtu wa kumfanya apoteze jina zuri. Alimwita kwa mluzi. Mbwa akaujua mluzi ule hata kama upepo wa Agosti unavuma.

Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu hakuniambia. Nilikuwa nikienda mara mbili kwa mwaka, Krismasi na baada ya mavuno, na kila nikifika alikuwa amekaa mahali pale pale, akinitambua kwa sauti. Nikadhani ni uzee. Siku niliyogundua, nilimkuta njiani akirudi kisimani. Mbwa alikuwa mbele, ana mkanda wa ngozi shingoni, na baba nyuma ameshika ncha ya mkanda kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia una kidumu. Mbwa alikuwa akifika penye korongo anasimama. Baba anapapasa kwa mguu, anashuka, kisha mbwa naye anashuka. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amepita njia zile na mbuzi kwa miaka, na alizijua zote: kisimani, sokoni, kanisani, kwa jirani.

Nililia pale njiani. Kisha, kama kawaida yangu, nikakasirika. Nilimwambia baba kwamba ni aibu mtu mwenye mtoto mjini kuvutwa na mbwa kama mkokoteni. Yeye akacheka, akasema mkokoteni hauchagui njia.

Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Pale Dodoma, upande wa Makole, kuna kliniki ambapo wanaondoa, na mtu anarudi nyumbani siku ya pili. Ilinichukua mwezi mzima kumshawishi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba macho yakipona arudi kwake, na mimi nikakubali haraka, maana nilichotaka ni afike tu. Nikaomba likizo, nikaenda kumchukua.

Asubuhi ya safari nilimkuta amekwishakaa nje ya mlango. Amevaa koti lake la kanisani, mfuko uko miguuni, na mbwa kakaa kando yake, mkanda shingoni, kaoshwa. Alikuwa amemwosha mbwa. Nilipomwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Tuko tayari."

Nilielewa vizuri neno hilo lilikuwa na watu wangapi. Kwa haraka niliona mambo yote: stesheni ya Dodoma na watu wa ofisini ambao lazima ningekutana na mmojawapo, baba yangu akitoka behewani akiongozwa na mbwa wa mbavu, kisha bajaji, kisha nyumba yangu ya Ipagala yenye vigae na geti jeupe na majirani waliohamia na serikali kutoka kila pembe ya nchi. Niliona aibu kabla haijafika.

"Baba," nikasema, "mbwa haruhusiwi kwenye treni."

"Haruhusiwi?"

"Ni sheria."

Alinigeuzia uso kana kwamba ananitazama. Kisha akasema basi, kama ni sheria.

Mimi ni mtu wa kanuni, ndiyo kazi iliyonilea. Nikisema neno sheria watu hawaniulizi kifungu. Lakini sikuwa nimeisoma sheria hiyo mahali popote. Dirisha la karani wa stesheni lilikuwa hatua chache kutoka pale tuliposubiri treni baadaye, na karani alikuwa amekaa hana la kufanya, anachokonoa meno. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Mbwa tulimwacha kwa jirani, mzee mwenzake baba, ambaye zizi lake linapakana na letu. Jirani alileta kamba ya katani. Baba akainama, akaufungua ule mkanda wa ngozi shingoni mwa mbwa kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, akamwachia jirani amfunge ya katani. Mkanda akaukunja, akautia mfukoni mwa koti.

Lazima niseme jambo hapa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu, mtu akimweka mnyama wake kwa mwingine amtunzie, iwe ng'ombe, iwe mbuzi, kamba hubaki kwa mwenyewe. Mnyama anakwenda na kamba ya mtunzaji. Maana yake ni kwamba bado ni wangu, nitamfuata. Lakini kamba ya mwenyewe ikimfuata mnyama huko aliko, basi ameachwa, na aliyeipokea anaweza kumfanya atakavyo, kumchinja, kumpa mtu, kumtuma mbali. Hakuna maneno yanayosemwa. Kamba ikifika, imesema. Nilipokuwa mdogo niliona shangazi yangu akigombana nusu ya siku na mtu aliyesahau kumrudishia kamba ya ndama.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kujificha nyuma ya mji. Ila nilikuwa nimelijua utotoni, na baada ya hapo nikaenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha ofisi, na katika miaka yote hiyo sikuwa nimemkabidhi mtu mnyama hata kuku. Jambo usilolitumia hulala mahali fulani kichwani, na wangu ulikuwa usingizi mzito.

Treni ilipoondoka, mbwa alikata ile katani akatufuata kando ya reli. Nilimwona dirishani akikimbia kwenye kokoto mpaka penye korongo kubwa, akasimama pale. Baba akaniuliza kama anafuata. Nikamwambia hapana, amelala kwa jirani. Huo ulikuwa uongo wa pili kwa asubuhi moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilikuwa ndefu kuliko reli.

Nyumbani Ipagala baba alikuwa mgeni mtulivu sana. Utulivu wake uliniudhi. Alijigonga kwenye mlango wa kioo mara mbili siku ya kwanza, na siku ya pili akaacha kutembea. Nilimnunulia fimbo nyeupe. Aliishika, akaipapasa urefu wake, akashukuru, akaiegemeza ukutani na hakuigusa tena. Alikaa kwenye kochi akisikiliza redio, na mkononi alikuwa na ule mkanda, anaupitisha kati ya vidole, anaukunja, anaukunjua. Ulikuwa umesukwa na yeye mwenyewe kutoka ngozi ya dume lake la kwanza. Ulinuka mbwa na moshi na jasho la miaka.

Jumamosi moja walikuja wenzangu wa ofisini kumjulia hali mzee, na maembe na mkate. Wakamsalimia kwa heshima. Mmoja akamuuliza kile alichoshika ni nini, akajibu ni kamba ya mbwa wangu. Wakatazamana kidogo, wakaendelea na chai. Hawakuwa na ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeona joto likinipanda shingoni, nikaenda jikoni kujifanya natafuta sukari iliyokuwa tayari mezani.

Juma lililofuata jirani wa Gulwe akapiga simu. Baada ya salamu akasema mbwa anamsumbua. Kila siku ya treni anakata kamba anakwenda stesheni, analala karibu na njia pale linaposimama behewa la nyuma, treni ikiondoka anarudi. Watu wa stesheni wameanza kulalamika, watoto wanampiga mawe. Hizi kamba za katani, akasema, kwake ni kama makuti.

Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili. Nyumbani kulikuwa na kamba ya ngozi ambayo mbwa yule hakuwahi kuikata, na haikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuniaibisha mbele ya wageni. Siku nilipompeleka baba kufanyiwa jicho la kwanza, nilitoka pale kliniki nikarudi nyumbani mara moja, nikautoa mkanda chini ya mto wake, nikauviringisha kwenye gazeti. Kuna mama mmoja anayeuza vitunguu, anasafiri na treni mara kwa mara. Nikampa amfikishie jirani yetu Gulwe. Akaniuliza kama kuna ujumbe wa mdomo. Nikasema hapana, ukifika ataelewa.

Na kweli alielewa.

Baba aliporudi nyumbani, jicho moja limefungwa bandeji, kitu cha kwanza alichofanya ni kupapasa chini ya mto. Alipapasa kitanda chote, kisha sakafu. Nikamwambia nimeihifadhi kamba, atulie, daktari amekataza kuinama. Akasema ahsante mama. Ndivyo anavyoniita, mama, tangu nilipochukua jina la bibi.

Bandeji ilipotolewa nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka." Tulicheka wote mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Kama nikiulizwa siku gani nilikuwa na furaha katika miaka hii, nitataja hiyo, na inaniuma kwamba hata siku hiyo ule mkanda ulikuwa umeshafika Gulwe na kazi yake umeshaifanya.

Jicho la pili likafuata. Baba akaanza kutoka, akawajua majirani, akamfundisha mwalimu Mhaya wa nyumba ya tatu kuitikia mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo. Alisoma vibao vya maduka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja, tukinywa chai, akasema sasa anarudi kwake kama tulivyokubaliana, na akaniomba ile kamba niliyoihifadhi.

Nikamwambia nimekwisha kuituma. Nilisema kwa wepesi, nikamwekea mkate. Nikaeleza habari ya simu ya jirani, na mbwa kulala relini, na jinsi nilivyoona ni afadhali afungwe kwa kitu imara asije akagongwa na treni.

"Iliondoka na nani?" akauliza.

Nikamtajia mama wa vitunguu.

"Ulimtuma na maneno gani?"

Nikasema hapana maneno. Akaweka kikombe mezani. Hakukiweka kwa nguvu, alikiweka tu, lakini mkono ulibaki juu yake. Akauliza treni ni siku gani.

Ni pale nilipomkumbuka shangazi na kamba ya ndama. Ilinijia yote kwa pamoja, hata vumbi la ugomvi ule. Namba ya jirani nilikuwa nayo kwenye simu, na simu ilikuwa mezani. Ningepiga wakati ule ule. Sikupiga siku hiyo, wala kesho yake, wala siku tatu zilizofuata mpaka safari. Nilijiambia kwamba jirani ni mtu mzima, ataelewa ni kosa la mtu wa mjini. Niliomba hivyo hata kanisani. Mtu anaweza kumwomba Mungu jambo ambalo angelijua kwa simu ya dakika mbili.

Stesheni ya Dodoma tulifika mapema. Baba alisimama katikati ya watu akitazama kila kitu, mikono nyuma. Kwenye dirisha la mizigo palikuwa na mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge, ana mbwa mkubwa mweusi. Mbwa alikuwa na kamba shingoni na mdomo umefungwa kwa kitambaa kizito. Yule mwanamke alitoa karatasi, karani akaisoma, akagonga muhuri. Mtu wa mizigo akaja akapokea kamba, akamwongoza mbwa hadi behewa la nyuma, mbwa akapanda kwa kuruka mara moja kama aliyezoea. Mwanamke akaenda zake kwenye behewa la abiria akitafuta kiti.

Baba aliyaona yote hayo. Alikuwa na macho mapya kabisa, na hicho ndicho nilichompeleka kukiona.

Nilimwacha na mifuko nikaenda dirishani. Nilimuuliza karani kwa sauti ya chini kama mbwa wanaruhusiwa. Akasema siku zote mama, kamba, mdomo ufungwe na cheti cha chanjo, na akaniuliza kama nami nina mbwa. Nikamwambia sina. Niliporudi baba hakuniuliza nilikwenda wapi. Aliniambia treni inaita watu, tupande.

Njia nzima alitazama nje. Alinionyesha miti, akanionyesha mbuzi, akanionyesha nyumba moja ya tembe, ya paa la udongo, iliyobaki peke yake kati ya mabati. Nilikuwa nikiitikia. Tulipofika Gulwe alishuka kabla yangu, akasimama pale penye behewa la nyuma, akapiga mluzi. Alipiga mara tatu. Watu waligeuka. Kisha tukaondoka kwenda kwa jirani.

Jirani alitokwa na machozi alipoona baba anamjia peke yake, hashikwi na mtu, akimtaja jina kabla hajamsalimia. Alimzungusha, akamwambia ataje rangi ya shati lake, akaita watu waje waone. Tukaletewa viti, tukaletewa uji. Baba alikunywa wote, akauliza habari za mvua, za uwele, za mgonjwa mmoja wa kanisani. Mimi nilikuwa nikitazama lile zizi. Palikuwa na kamba ya katani imening'inia kwenye mti wa geti, ncha yake imetafunwa.

Mwisho jirani mwenyewe ndiye aliyeanza. Alisema kamba ilipofika alishangaa sana. Alikaa nayo siku mbili akisubiri neno lolote, hakuna lililokuja. Akajiambia mzee ameamua kubaki mjini kwa binti, ndivyo inavyokuwa siku hizi, na amefanya vizuri kuachilia mapema kuliko kumwacha mnyama afe relini. Basi walipopita wafugaji waliokuwa wanahamisha ng'ombe kwenda mbali, upande wa kusini, watu aliowaona ni waungwana, akawapa mbwa pamoja na kamba yake, kama inavyotakiwa. Mbwa alikataa kuvuka reli. Ikabidi wambebe.

Alipomaliza alikuwa anamtazama baba kwa wasiwasi, maana hakuwa mjinga, na alikuwa ameusikia ule mluzi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "sikukosea?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini baba alikuwa ameshaweka mkono juu ya goti la jirani.

"Hukukosea," akasema. "Niliituma mimi."

Jirani akashusha pumzi, akaongeza uji. Wakaendelea kuzungumza habari za bei za mbuzi, na mimi nilikaa pale, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mkuu wa watu sita ofisini, nikiwa nimefichwa nyuma ya uongo wa baba yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

Nilikaa naye siku nne. Nilipiga deki, nilichota maji, nilipika mlenda mpaka akanisihi nipumzike. Kuna watu niliwapigia simu kuulizia wafugaji wale, kuna mmoja aliyesema walionekana mbali sana, kisha hakuna aliyejua zaidi. Siku ya mwisho, asubuhi, tukiwa tumekaa nje ya mlango, pale pale alipokuwa amekaa na mbwa aliyeoshwa, nikaona siwezi kupanda treni bila kusema.

Nikamwambia baba, mbwa wanaruhusiwa kwenye treni. Nilikudanganya. Sikumuuliza mtu.

"Najua," akasema.

Nikamwambia najua uliona kule Dodoma. Akatikisa kichwa.

"Najua tangu siku ile. Nilifanya kazi ya reli, mama. Mbwa wa wakubwa tuliwapandisha wenyewe, behewa la nyuma, na kamba."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Hakuwa na hasira, na ningempa chochote awe nayo.

"Nilikuona umeshapata mzigo mmoja wa kukuaibisha," akasema. "Nikasema nisikuongezee wa pili."

Treni ilikuja. Nilipanda.

Haya yote nilikuwa nayo kifuani pale kikaoni, kalamu mkononi, wenzangu wakifuta machozi ya kicheko. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye maoni zaidi kabla hatujafuta pendekezo la ukurasa wa tisa. Alinitazama na mimi, kwa heshima ya umri. Ningeweza kusema kwamba nilimjua mtu mmoja ambaye macho yake yalikuwa mwishoni mwa kamba. Ningesema hata kwa ufupi, kisha wakatae kwa sababu zao, ambazo nimeshasema zilikuwa na maana. Nilisema sina. Nikaandika kwamba hoja haikuungwa mkono, nikafungua ukurasa wa kumi.

Msichana wa chuo aliyelileta hakuwepo chumbani. Sijui ana nani nyumbani kwao asiyeona.

Juzi jirani wa Gulwe alinipigia simu. Tulisalimiana, akaniulizia kazi, akasema huko kwao uwele umeshika vizuri. Kisha akasema, binti, sitaki uone namchongea, ila mzee wako ananipa mawazo. Kila siku ya treni anakwenda stesheni. Hasafiri, wala hakuna mgeni anayempokea. Anakaa tu mpaka treni iondoke, ndipo anarudi nyumbani.

Nikamuuliza anakaa upande gani.

Akasema kule nyuma, linaposimama behewa la mizigo.